Bi Milimita na Bomba la Njia Mbili

Siku ya kwanza mke wangu alipoingia dukani kwangu hakuwa mke wangu. Alikuwa mteja mwenye suruali iliyomzidi urefu, na kabla sijamaliza kumpima kiuno akaniambia tepu yangu inadanganya.

Nilicheka, lakini moyoni nilichukia. Mimi fundi cherehani wa miaka sita, wateja wananingoja mpaka barazani, halafu anatokea msichana mwenye ovaroli la bluu na grisi kwenye kucha, ananikosoa mbele za watu! Akatoa tepu yake ya chuma mfukoni, akailaza mezani kando ya yangu. Mita yangu ilikuwa imeipita mita yake kwa upana wa kidole.

"Tepu za kitambaa huvutika," akasema.

"Sawa, lakini mtu nampima kwa tepu hii, na kitambaa nakipima kwa tepu hii hii. Uongo unajifuta wenyewe."

Akafikiri. Nikaona amekubali, nikaanza kujisikia mshindi. Kisha akauliza, "Na wanaokuletea vipimo kwenye karatasi?"

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeshona sare za shule nzima kwa vipimo vya karatasi, na wazazi walikuwa wanalalamika kwamba watoto wanaogelea ndani ya kaptula. Mwaka uliofuata nilimwoa. Watu husema nilimwoa kwa uzuri, na uzuri anao, lakini ukweli ni kwamba niliogopa asije akahamia kwa fundi mwingine.

Mke wangu ni fundi bomba wa hospitali. Wenzake wanamwita Bi Milimita, na walianza kumwita hivyo kwa kejeli. Chuoni alikuwa msichana peke yake katika darasa la watu thelathini na wawili, na mwalimu wa kuchomelea alimpa kinyago cha uso chenye ufa, akitumaini atakata tamaa aende kujifunza upishi. Aliuziba ufa kwa gundi, akamaliza wa tatu. Yule aliyekuwa wa kwanza siku hizi anauza simu.

Nyumbani ukimwambia maji yamebaki kidogo, anauliza kidogo kiasi gani. Ukimwambia utarudi saa tisa hivi, anataka kujua hiyo "hivi" ina dakika ngapi. Nikimwambia nampenda sana haulizi kiasi gani, na kwa hilo ninamshukuru Mungu.

Sasa nieleze habari ya bomba, maana hapo ndipo maisha yetu yalipochemka.

Hospitali ina boila moja, liko nyuma ya jiko. Kutoka pale bomba nene kama paja la mtu linabeba mvuke wa moto. Linapita juu ya ua mita ishirini na moja, linapinda kona kwenye mlango wa chumba cha kufulia, kisha linaingia ndani mita tisa mpaka kwenye mashine. Chuma kikipata moto hurefuka, na hakuna fundi awezaye kukizuia. Ukikibana kitavunja ukuta au kitajivunja chenyewe. Kwa hiyo kwenye bomba huwekwa kiungo chenye mikunjo mikunjo, kama mkono wa sweta uliosukumwa mpaka kiwikoni. Mafundi wanakiita belosi. Bomba likirefuka mikunjo inabanana, likipoa inaachia.

Kwa miezi kumi na moja belosi mbili zilikuwa zimepasuka, zote mahali pale pale, baada tu ya kona. Ya pili ilipasuka wakati wa chai, na mvuke ukamwagika juu ya meza za pasi ambazo dakika kumi kabla zilikuwa na watu. Uongozi ukaketi ukatoa neno: ikipasuka ya tatu, chumba cha kufulia kinafungwa moja kwa moja, shuka zitapelekwa kwa kampuni ya nje, na wanawake kumi na wanne wafuao humo watafute pa kwenda. Iliyokuwa imefungwa wakati huo ilikuwa ya tatu, ya aina ile ile, ya mwisho stoo. Ilikuwa na wiki tatu, na tayari ilikuwa imeanza kupiga mluzi.

Msimamizi wa wanawake hao kumi na wanne ni dada yangu mkubwa. Ni mjane, ana watoto watatu wanaosoma, na mikono yake imeshika shuka za hospitali ile miaka tisa. Mimi mwenyewe ninashona magauni ya wagonjwa yaliyochanika, kwa hiyo huingia na kutoka humo nikiwa na furushi langu begani. Kila nilipoingia niliwaona wanawake wale wakiitazama ile kona ya bomba kabla ya kuweka mikoba yao chini.

Ungedhani dada yangu na mke wangu wangekuwa kitu kimoja. Wapi! Kati yao palikuwa na salamu tu, na salamu zenyewe za kupimiana. Belosi ya kwanza ilipopasuka, mke wangu alifunga vali ya mvuke kwa mnyororo na kufuli, akakaa na ufunguo siku mbili, na shuka chafu zikajaa mpaka kwenye korido. Dada akasema mbele ya watu wote, "Mdogo wangu ameshindwa kumtawala nyumbani, sasa anakuja kututawala sisi." Mke wangu hakujibu. Angejibu ingeisha siku ile ile, lakini alinyamaza, na dada yangu hasamehe mtu aliyenyamaza. Nikawa mimi ndiye daraja, na daraja hukanyagwa na pande zote mbili.

Kwenye karakana kulikuwa na mabishano makali kuhusu belosi mpya. Fundi mmoja, jina lake la utani ni Kaza kwa sababu akiona nati lazima aikaze hata kama haimhusu, alitaka belosi nene zaidi ya aina ile ile. "Imepasuka kwa sababu ni dhaifu. Tulete yenye nguvu." Mke wangu akasema haiwezekani vitu viwili vife mahali pamoja kwa kifo kimoja halafu tulaumu udhaifu. Lazima tujue bomba linakwenda wapi linapopata moto.

Basi akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia nywele zinanisimama. Alichukua penseli, akaifunga kwa waya kwenye bomba karibu na belosi, ncha ikitazama chini. Akafunga ubao uliolala, wenye karatasi nyeupe juu yake, kwenye nguzo ya chuma ya pale konani, ncha ikaigusa karatasi. Kisha akaenda zake. Asubuhi boila likawashwa, bomba likapata moto, na bomba lenyewe likaandika!

Alikuja dukani mchana akiwa amekimbia, akaitandaza ile karatasi mezani kwangu, juu ya kitambaa cha suti ya watu.

"Fundi, tazama! Tazama!"

Niliona mstari. Mstari wa penseli, mfupi, uliolala mshazari.

"Mstari," nikasema.

"Umelala! Haukwenda moja kwa moja. Kama bomba lingekuwa linabana belosi tu, mstari ungenyooka. Huu umekwenda mbele milimita kumi na tano, na kando ishirini na sita. Kwa wakati mmoja! Zile mita tisa za ndani zinaibana belosi, na zile mita za uani zinaisukuma ubavuni. Ile belosi ni ya kubanwa tu, fundi. Tumekuwa tunaivunja mbavu kila asubuhi!"

Alikuwa anaruka. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto wawili, anaruka dukani kwa sababu ya milimita ishirini na sita, na mteja wangu mwenye suti ameketi pale kwenye kiti akishangaa. Nami nikaanza kuruka. Sikujua sawasawa ninarukia nini, lakini furaha yake huwa inaambukiza kama mafua.

Dawa yake ilikuwa belosi pacha, yaani mbili zilizounganishwa kwa kipande cha bomba katikati, ili ziweze kubanwa na pia kuyumba kando. Muuzaji wa vifaa, ambaye sisi tulimwita Bwana Katalogi kwa kuwa hakuna swali alilojibu bila kufungua kitabu chake, alionyesha moja iliyoandikwa kwamba inavumilia kubanwa milimita arobaini, na kuyumba kando milimita hamsini. Kaza akafurahi. "Tunahitaji kumi na tano na ishirini na sita. Zote ziko chini sana. Kazi imekwisha!"

"Haijaisha," mke wangu akasema. "Hizo namba ni kila moja peke yake. Zikija pamoja zinagawana."

Kaza hakuelewa, na kusema kweli hata mimi nilipoelezwa jioni sikuelewa mpaka nilipokumbuka mashati. Shati likikaa vizuri mtu akinyanyua mkono juu, na likikaa vizuri akinyoosha mkono mbele, bado linaweza kuchanika kwapani akinyanyua na kunyoosha kwa pamoja. Kitambaa cha akiba ni kile kile kimoja, na harakati zote mbili zinakila. Nilipomwambia hivyo mke wangu aliniangalia kama siku ya harusi. "Ndiyo hivyo hasa," akasema, akapiga hesabu nyuma ya bahasha: kumi na tano katika arobaini ni asilimia thelathini na saba na nusu, ishirini na sita katika hamsini ni asilimia hamsini na mbili. Jumla themanini na tisa na nusu. Haikufika mia. Belosi ile ingefaa.

Lakini hakuwa na raha. Kulikuwa na jambo moja linamkereketa. Kwa hesabu ya chuma na joto, mita ishirini na moja za uani zilipaswa kurefuka milimita thelathini na tano, na karatasi ilisema ishirini na sita. Milimita tisa zilikuwa zimepotea. Alizitafuta siku nne. Alipima joto la bomba mara tatu, akapima tena urefu wa ua, akanung'unika wakati wa kula. Mwishowe akasema bomba lenyewe ndilo lililoandika, na bomba halijui kudanganya, kwa hiyo tuamini bomba. Oda ingepelekwa kiwandani Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Alhamisi hiyo, saa kumi na mbili na nusu, tulikuwa mezani tunakunywa chai. Dada yangu akapiga hodi. Alileta magauni sita ya kushonwa, akitaka kuyaacha njiani aendapo kazini.

"Shikamoo dada. Kaa upate chai."

"Marahaba. Sina muda, lazima niwahi kufungua ule mlango wa chumba cha pasi kabla mvuke haujaja." Aliniambia mimi, kama kawaida, wala hakumtazama wifi yake. "Mvuke ukishaingia tu, mlango unakaba, haufunguki hata uupige teke. Miaka yote hii nimeusema ni mbao zinavimba, lakini mbao gani zinavimba kwa dakika ishirini? Ukipita na furushi lako leo uje na randa unipunguzie."

Kikombe cha mke wangu kilisimama hewani.

"Wifi," akasema. Dada akageuka, kwa mshangao tu nadhani. "Mlango unakaba upande gani?"

"Upande wa nguzo."

"Nguzo ya chuma? Ile iliyobeba bomba?"

"Nguzo ni ngapi pale? Hiyo hiyo."

"Na Jumapili, boila likiwa limezimwa?"

"Jumapili unafunguka kwa kidole."

Mke wangu akaweka kikombe chini, nusu mezani nusu hewani, kikaanguka, na hakuna aliyekiangalia. "Mungu wangu," akasema. "Nguzo inasukumwa! Nimefunga karatasi kwenye nguzo inayosukumwa!"

Mimi nilikuwa wa kwanza kuelewa, na sijawahi kujivunia akili yangu kama asubuhi ile. Ilikuwa ni tepu yangu ya kitambaa! Bomba lilikuwa linakwenda, na nguzo inakwenda nalo, na karatasi imepanda juu ya nguzo. Uongo ulikuwa unajifuta wenyewe. Nilifungua kinywa kumwambia hivyo mke wangu nipate kulipiza kisasi cha miaka kumi na minne, lakini alikuwa ameshatoka nje na kiatu kimoja mkononi.

Tulikimbia wote watatu. Dada ana mwili wa heshima na hakimbii kwa mtu yeyote, lakini alikimbia, akiuliza njia nzima, "Nimesema nini? Jamani, nimesema nini?" Boila lilikuwa likiwashwa saa moja kamili. Tulifika saa moja kasoro dakika tisa.

Mke wangu alichukua timazi, ile risasi nzito ining'iniayo kwenye uzi, akaifunga kwenye zege la dari, mbali na nguzo, ikaning'inia karibu kabisa na chuma. Akachora alama ya chaki kwenye nguzo, sambamba na uzi. Kama nguzo haiendi, alama ingebaki penye uzi. Kisha ilibidi apande ngazi achunguze kikalio, pale bomba linapoketi juu ya nguzo, akaona kimeshika kutu mpaka bomba linateleza kwa shida na kuiburuta nguzo. Hapo alikuwa hawezi kusoma tepu kule chini. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi.

"Wifi," akaita kutoka juu, "nisomee."

Dada yangu akaichukua ile tepu ya chuma. Akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akavaa miwani yake, akaisogeza tepu kati ya uzi na chaki. Wanawake wote kumi na wanne walikuwa wamefika na hakuna aliyeweka mkoba chini. Tukasikia bomba likianza kugonga gonga kule uani, mvuke unakuja.

"Bado," dada akasema. "Bado. Bado. Ngoja... moja."

"Una hakika?"

"Mimi ninayo miwani, wewe uko juu ya ngazi. Moja! Sasa mbili. Tatu. Yesu na Maria, nguzo inatembea! Nne!"

Wanawake wakaanza kuhesabu naye. Tano. Sita. Mmoja akaenda kujaribu mlango, akausukuma kwa bega, ukakataa, akapiga kelele, "Umekaba!" Saba. Nane. Dada akainamia tepu mpaka pua ikagusa chuma.

"Tisa," akasema. Akangoja dakika tano nzima. "Tisa. Imesimama. Tisa kamili, wifi."

Sijui kama mmeshawahi kuona mtu amepata kitu alichokitafuta siku nne. Mke wangu alishuka ngazi bila kugusa vidaraja viwili vya mwisho, akamkumbatia dada yangu pale chini kwenye maji, wote wakalowa. Kisha akaomba kalamu, akapiga hesabu kwenye foronya. Thelathini na tano katika hamsini ni asilimia sabini. Ongeza thelathini na saba na nusu. Mia moja na saba na nusu.

"Ingepasuka," akasema taratibu. "Ningeifunga kwa mikono yangu, na ingepasuka."

Na saa kwenye ukuta ilikuwa inasema saa mbili kasoro dakika kumi na mbili!

Nilidhani nimemaliza kukimbia siku ile. Ofisi ya mkuu wa karakana iko upande wa pili wa hospitali, baada ya wodi ya watoto. Tulipoingia, mkuu alikuwa ameshika kalamu juu ya fomu, Bwana Katalogi amesimama kando yake na simu sikioni, na Kaza anakula karanga.

"Mkuu, usitie sahihi!"

"Kuna nini tena? Si wewe uliyechagua?"

Hapa ndipo nilipomwonea fahari mke wangu kuliko wakati wowote. Angeweza kusema mazingira yamebadilika. Angeweza kusema kuna taarifa mpya, kama wasemavyo wakubwa. Alisema, "Ndiyo, nilichagua mimi, na nilikosea. Karatasi niliifunga kwenye nguzo inayosukumwa na bomba. Milimita tisa zilijificha. Aliyeziona ni wifi yangu, amekuwa akizipiga teke kila asubuhi miaka yote hii, na mimi sikuwahi kumwuliza."

Dada alikuwa mlangoni, anahema, maji yanamchuruzika kutoka kwenye magoti. Alitazama pembeni.

Kaza akacheka. "Milimita tisa! Tunasimamisha oda kwa milimita tisa?"

"Mdharau mwiba mguu huota tende," mkuu akamjibu, akaiweka kalamu chini. Akamgeukia mke wangu. "Unataka ipi?"

"Pacha hiyo hiyo, lakini kipande cha katikati kiwe kirefu. Kadiri kilivyo kirefu ndivyo inavyoweza kuyumba zaidi."

Bwana Katalogi akapekua kitabu chake upesi, maana saa ilikuwa inakimbia. "Ipo. Kubanwa arobaini, kando themanini. Lakini ni ndefu, sijui kama nafasi—"

"Nafasi ipo mita moja na milimita mia nne na kumi," mke wangu akasema. "Inaingia. Na jumla yake ni asilimia themanini na moja na kitu."

Simu ilipigwa saa mbili kasoro dakika moja.

Belosi ilifika baada ya siku kumi na mbili, na ile ya zamani ikavumilia, ingawa mluzi wake ulizidi mpaka wanawake wakawa wanapiga pasi wakiwa wamesimama upande. Jumapili boila likazimwa. Walianza kwa kukata kile kikalio chenye kutu, wakaweka chenye magurudumu ili bomba liteleze na nguzo iachwe kwa amani. Kisha wakapandisha belosi mpya, na hapo likatokea balaa. Ncha za bomba hazikukutana sawasawa. Zilipishana kwa upana wa kidole gumba.

Kaza alikuwa tayari ameshika mnyororo. "Tunaivuta kidogo. Ina mikunjo, itakubali. Kazi ya dakika tano."

"Usiguse!" Nilimsikia mke wangu kutoka uani. "Hiyo mikunjo ni ya bomba, si ya uvivu wetu. Ukiivuta leo umeshaila akiba yake kabla haijaanza kazi."

"Lakini kukata bomba na kuchomelea upya ni kazi ya saa tano!"

"Basi ni saa tano."

Walitazamana. Kaza ni mtu mzima na ana maneno, nami nilidhani watagombana. Lakini alitupa mnyororo chini, akavuta kinyago chake, akasema, "Bi Milimita, wewe ni adhabu," akaanza kukata. Na nimtendee haki, alichomelea vizuri kuliko siku zote. Walimaliza jua likielekea kuzama.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwepo na furushi langu, ingawa hakukuwa na gauni hata moja la kupeleka. Mkuu wa karakana alikuwepo, na mtu mmoja wa uongozi mwenye daftari. Mke wangu aliwasogeza watu wote nyuma ya meza za pasi. Safari hii ubao wa karatasi aliugongelea kwenye ukuta wa zege. Vali ikafunguliwa kidogo, robo mzunguko, kisha tukangoja, kisha robo nyingine. Bomba likagonga. Penseli ikaanza kutembea.

Belosi ya kwanza ikainama taratibu kuelekea kando, ya pili ikainama kuirudisha, na kile kipande cha katikati kikalala mshazari kati yao. Jamani, chuma kile kilicheza! Dakika arobaini, saa moja, saa moja na nusu. Hapakuwa na mluzi wala tone. Mke wangu akasogea na tepu yake, akapima mstari.

"Kumi na tano," akasema. "Na thelathini na tano."

Mtu wa uongozi akaandika, akalifunga daftari. "Basi chumba kiendelee na kazi," akasema, kana kwamba ni jambo dogo, akaondoka. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka muuguzi akaja kutukanya kwamba kuna wagonjwa.

Dada yangu hakupiga kigelegele. Alimwendea mke wangu, akamtazama kuanzia juu mpaka chini. Ovaroli lilikuwa limejaa kutu, grisi na masizi ya Jumapili nzima.

"Vua," akasema.

"Nini?"

"Hilo ovaroli. Vua."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na tangazo kwa mwandiko wake mwenyewe, kwamba nguo za wafanyakazi hazifuliwi humo kwa sababu yoyote ile. Daktari mkuu aliwahi kuleta koti lake akarudishwa nalo. Mke wangu akalionyesha tangazo kwa kidole. Dada akalibandua, akalikunja, akalitia mfukoni. Wanawake wanne wakashika shuka wakamzunguka, na alipotoka nyuma ya shuka alikuwa amevaa gauni la mgonjwa.

Mashine ya kwanza iliyopata mvuke siku ile ilizunguka na ovaroli moja tu ndani yake. Dada alisimama mbele yake mpaka mwisho, akalitoa, akalikausha, akalipeleka mwenyewe kwenye pasi. Aliinyoosha kola, akanyoosha mikono, akanyoosha hata mfuko wa spana. Shuka za hospitali nzima zilikuwa zinangoja. Kisha akasema huku akiendelea kupiga pasi, bila kuinua uso, "Miezi kumi na moja nimekuwa nikisali kabla mvuke haujaingia. Kila siku. Leo nimesahau."

Mke wangu akaanza kulia pale pale, kwa sauti, na dada yangu akamvisha ovaroli likiwa bado la moto, akamfunga vifungo kimoja kimoja, kuanzia chini, kama anavyofungwa mtoto wa kwenda shule.